Ohio State au Michigan? Chagua kwa kuangalia malainibeki wao, msimu wa 2025

Toledo, mji ninaoishi, uko mpakani. Ukiendesha gari kwenda kaskazini, haipiti saa moja umeshafika Ann Arbor, nyumbani kwa timu ya Chuo Kikuu cha Michigan. Ukielekea kusini, saa mbili na kitu zinakufikisha Columbus, nyumbani kwa timu ya Chuo Kikuu cha Ohio State. Mwaka 1835 Ohio na Michigan zilitoa wanamgambo kuugombania mji huu. Ohio ikaupata, Michigan ikafidiwa eneo kubwa la misitu na shaba huko kaskazini, na mwaka 1837 ikakubaliwa kuwa jimbo. Ugomvi wenyewe ukahamia kwenye uwanja wa futiboli ya Marekani. Mtaani kwangu nyumba moja imetundika bendera nyekundu na kijivu, inayofuata buluu na rangi ya mahindi, na wenye nyumba hizo wanaazimana ngazi na toroli mwaka mzima isipokuwa wiki moja ya Novemba.

Kila Agosti naulizwa swali lile lile na Waswahili wenzangu waliofika karibuni. Siku hizi ananiuliza hata binamu yangu aliyeko Tanga, ambaye huangalia mechi hizi kwenye simu usiku: "Kaka, nishabikie timu gani?" Wengi wangemjibu kwa kumtajia kwotabeki, yule anayerusha mpira. Mimi namwambia aangalie malainibeki, walinzi wa katikati. Ukimwelewa lainibeki umeuelewa mchezo mzima, na mwaka huu, 2025, timu hizi mbili zina malainibeki wa kutosha kumfanya mgeni aupende mchezo huu moja kwa moja.

Aliyekulia kwenye soka yetu anajua kazi ya namba sita. Ni kiungo mkabaji anayesimama mbele ya mabeki na nyuma ya kila vurugu, anasoma mpira unakokwenda kabla haujaenda, akikosea yeye timu nzima imekosea. Lainibeki ndiye namba sita wa futiboli ya Marekani. Mbele yake wanasimama majitu ya mstari wa mbele, kilo 130 hadi 150, wanaosukumana kama mafahali. Nyuma yake wako mabeki wepesi wanaowafuata wapokeaji. Yeye yuko katikati, hatua nne au tano kutoka kwenye mpira, na ana nukta moja tu ya kuamua: huyu anakimbia na mpira au anataka kurusha? Kama ni kukimbia, lainibeki azibe upenyo. Kama ni kurusha, arudi nyuma amkabe mtu. Akisita, imekula kwake.

Kwa lugha ya makocha wa kule, lainibeki wa kati huitwa Mike na mwenzake wa upande huitwa Will. Mike ndiye msemaji. Tangu 2024 sheria za vyuo zinaruhusu mlinzi mmoja avae helmeti yenye kipokea sauti na nukta ya kijani nyuma, kocha aongee naye hadi saa inayohesabu muda wa kuanzisha kila mchezo ibakize sekunde 15, kisha sauti inakatwa. Baada ya hapo kijana wa miaka 21 amebaki peke yake mbele ya watu laki moja, anawapanga wenzake kwa mikono na kelele. Ukiangalia mechi, mtafute huyo kwanza.

Mechi tunayoanzia

Siwezi kulinganisha timu hizi bila kurudi tarehe 30 Novemba 2024, Columbus. Ohio State walikuwa na kikosi kilichokwenda kutwaa ubingwa wa taifa wiki saba baadaye, wakiwafunga Notre Dame 34 kwa 23 mjini Atlanta. Ulinzi wao ulimaliza msimu ukiwa umeruhusu wastani wa pointi 12.9 kwa mechi, mdogo kuliko timu yoyote ya daraja lao. Michigan walikuwa na msimu wa kusuasua, mashambulizi yao yakiwa hafifu mno. Na bado Michigan wakashinda 13 kwa 10.

Walishinda kwa kutumia eneo hili hili tunalolizungumzia. Ohio State walikimbia na mpira mara 26, wakapata yadi 77 tu. Kila upenyo ukifunguka, lainibeki wa Michigan alikuwa ameshafika. Upande wa pili Kalel Mullings aliubeba mpira mara 32 akapata yadi 116, na mwishoni kabisa, jaribio la tatu kati ya manne, zikihitajika yadi 6, alichomoka katikati ya msongamano akakimbia yadi 27. Mkimbio huo ndio uliomweka Dominic Zvada karibu na goli, akapiga mpira wa ushindi zikiwa zimebaki sekunde 45. Jambo linalonikaa kichwani ni kwamba Mullings alianza maisha yake Michigan akiwa lainibeki. Alijua macho ya lainibeki yanaangalia wapi, akapita yasikoangalia.

Huo ulikuwa ushindi wa nne mfululizo wa Michigan dhidi ya Ohio State, kuanzia 2021. Anayeumia zaidi kwa hesabu hiyo, nadhani, ni James Laurinaitis, kocha wa malainibeki wa Ohio State. Yeye alichezea chuo hicho kuanzia 2005 hadi 2008, akiwa lainibeki, na katika miaka yake minne hakufungwa na Michigan hata mara moja. Baba yake alikuwa mcheza mieleka maarufu aliyejulikana kwa jina la Animal, lakini mtoto hakutegemea nguvu peke yake. Mwaka 2007 alipewa Tuzo ya Butkus, ambayo hupewa lainibeki bora wa vyuo, na akaenda kucheza miaka mingi NFL, ligi ya kulipwa. Sasa anawafundisha vijana kuzima mchezo aliokuwa anauzima mwenyewe.

Ohio State: miili mirefu, uzoefu mfupi

Tuanze na pengo. Cody Simon ameondoka. Alikuwa Mike wa timu ya ubingwa, ameangusha watu mara 112 msimu mzima, amevaa jezi namba 0 ambayo pale hupewa mtu mmoja kwa heshima ya Bill Willis, mchezaji wa zamani wa chuo hicho, na ndiye aliyetajwa mlinzi bora wa fainali. Arizona Cardinals walimchukua raundi ya nne ya drafti, pale timu za NFL zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu. Ukimwondoa mtu kama huyo, huwezi kuingiza mwili mwingine ukadhani umemaliza, kwa sababu ameondoka na sauti iliyokuwa ikiwapanga wenzake.

Anayetarajiwa kuubeba mzigo huo ni Sonny Styles. Kijana huyu amezaliwa ndani ya kazi hii: baba yake, Lorenzo, alikuwa lainibeki wa Ohio State kisha akacheza NFL, na kaka yake yuko naye kikosini. Sonny alimaliza sekondari mwaka mmoja kabla ya wenzake, akaingia chuoni 2022 akiwa mtoto kabisa, akachezeshwa nyuma kama beki wa mwisho. Mwaka jana wakamsogeza mbele kuwa lainibeki. Ana urefu unaokaribia mita 1.95 na uzito wa kilo 110 hivi, lakini anakimbia kama mtu mwepesi aliyezoea kufuata wapokeaji. Msimu uliopita, akivaa jezi namba 6 (namba sita kweli kweli), aliangusha watu mara 100, na mara 6 alimfikia kwotabeki akamlaza kabla hajarusha.

Hizo namba zinaficha jambo moja. Mechi za mwanzo za 2024 Styles alikuwa anajifunza. Alikuwa anachelewa nusu hatua kwenye michezo ya kukimbia, maana beki wa mwisho huzoea kusubiri aone, na lainibeki hana ruhusa ya kusubiri. Kufika Desemba na Januari alikuwa mtu mwingine. Kwa hiyo anayemtathmini kwa wastani wa msimu anamdhulumu. Mtathmini kwa mechi nne za mwisho.

Sasa Arvell Reese. Hapa ndipo moyo wangu unapodunda. Anatoka Cleveland, shule ya Glenville, ambayo imewapeleka Ohio State vijana wengi wakubwa. Urefu wake ni sawa na wa Styles, uzito pia, lakini jinsi anavyougonga mwili wa mtu ni tofauti. Styles anafika, anashika, anaangusha. Reese anapita ndani ya mtu. Mwaka jana alikuwa nyuma ya Simon na Styles, akapata dakika za hapa na pale, akaangusha watu mara 43. Hiyo ni idadi kubwa kwa mtu aliyekuwa anasubiri zamu. Nilipomwangalia akimkabili mlinda njia, yaani jitu la kumkinga mwenye mpira, aliyemzidi kilo 30, sikuona akizunguka pembeni kutafuta njia rahisi. Aliweka mikono kifuani mwa yule mtu, akamrudisha nyuma, kisha akamwacha akaenda kwa mwenye mpira. Lainibeki mwenye uwezo huo unaweza kumsogeza mpaka kwenye ukingo wa mstari wa mbele akawa mvamizi wa kumkimbilia kwotabeki, na ukamrudisha katikati mchezo unaofuata, mpinzani asijue anakuja kutoka wapi.

Nyuma ya hao wawili pamepungua. Payton Pierce wa Texas ni mtulivu na anausoma mchezo vizuri. Garrett Stover yupo. Riley Pettijohn na TJ Alford ndio kwanza wameingia chuoni. C.J. Hicks, aliyesubiriwa miaka mingi kwenye nafasi hii, wamemhamishia kwa wavamizi wa pembeni. Maana yake, Styles au Reese akiteguka kifundo cha mguu mwezi Oktoba, Ohio State watakuwa wanamwomba kijana asiye na uzoefu afanye kazi ya mtu mzima.

Na kuna jambo la mstari wa mbele, ambalo washabiki wengi husahau. JT Tuimoloau, Jack Sawyer, Tyleik Williams na Ty Hamilton, wote wanne waliokuwa wanaanza mbele ya malainibeki, wamekwenda NFL. Lainibeki anaonekana hodari pale walinzi wa mbele wanapowashika walinda njia wa mpinzani wasimfikie. Styles mwaka jana alikuwa anacheza nyuma ya ukuta. Mwaka huu ukuta ni mpya, na katika ulinzi wote timu imepoteza wachezaji wanane waliokuwa wanaanza. Kinachonipa imani ni Caleb Downs nyuma yao, beki wa mwisho ambaye kwangu ndiye mlinzi mwenye akili kuliko wote katika mchezo wa vyuo kwa sasa. Anasahihisha makosa ya watu kabla hayajaonekana.

Michigan: watu unaowajua

Ernest Hausmann alizaliwa Uganda. Akiwa na umri wa miaka mitano alichukuliwa na familia ya Kimarekani, akakulia katika mji unaoitwa Columbus. Hii si Columbus ya Ohio. Ni Columbus ya Nebraska, mji mdogo katikati ya mashamba ya mahindi. Alianza chuo pale pale Nebraska mwaka 2022, akaangusha watu mara 54 akiwa mwaka wa kwanza, kisha akahamia Michigan na mwaka ule ule wa kwanza akatwaa ubingwa wa taifa, Januari 8, 2024, walipowafunga Washington 34 kwa 13 mjini Houston. Hakusahau alikotoka. Amekuwa akishughulika na uchimbaji wa visima vya maji Uganda, na anapoizungumzia kazi hiyo unasikia mtu anayejua maji yanachotwa umbali gani.

Ninamtaja kwa urefu kwa sababu mbili. Ya kwanza, mtoto wa Afrika Mashariki anayeongoza ulinzi wa chuo hiki ni jambo ambalo binamu yangu wa Tanga, jirani zangu wa Goma na rafiki zangu wa Kampala wana haki ya kulijua na kulifurahia. Ya pili ni ya kimchezo tu: ndiye lainibeki anayeaminika kuliko wote wa timu hizi mbili msimu unapoanza. Mwaka jana aliangusha watu mara 89, akaongoza timu yake. Kwa mwili ni mdogo kuliko Styles na Reese, mita 1.88 hivi, na hana mbio za kustaajabisha. Alichonacho ni hatua ya kwanza. Mtazame mpira unapotolewa: mguu wake wa kwanza unakwenda upande sahihi karibu kila mara. Hiyo inatokana na kumsoma mlinda njia aliye mbele yake, mabega yake yanaelekea wapi na uzito wake umekaa mguu upi. Ukitaka kujifunza mchezo huu, mwangalie Hausmann kwa robo moja nzima na usiufuate mpira. Utaufahamu zaidi ya ukisoma maelezo ya kurasa kumi.

Aliyemtangulia katika nafasi ile, Junior Colson, alizaliwa Haiti, naye alilelewa na familia ya Kimarekani. Aliongoza ulinzi wa timu ya ubingwa ya 2023 akaenda Los Angeles Chargers. Watu hawa wawili wamepokezana kazi ile katika chuo kimoja, na kila nikiona jina la Hausmann mgongoni namkumbuka na yule.

Mwenzake Hausmann ni Jaishawn Barham, aliyehamia kutoka Maryland mwaka 2024. Ana umbo la Reese na hasira za Reese. Mwaka jana aliangusha watu mara 66, lakini nilikuwa naondoka na hisia kwamba anatumiwa nusu. Alikuwa anaambiwa arudi nyuma akabe wapokeaji wakati mwili wake wote unataka kwenda mbele. Akipewa ruhusa ya kuvamia mara nyingi zaidi kutokea pembeni, Michigan watapata mtu mpya bila kusajili mtu. Ni swali kubwa kwao Agosti hii, na kwa maoni yangu jibu liko wazi: wamsogeze mbele.

Wanaweza kumsogeza kwa sababu wana akiba. Jimmy Rolder, wa kutoka viunga vya Chicago, amekuwa chuoni miaka kadhaa, majeraha yamemchelewesha, lakini anaijua kazi. Cole Sullivan wa Pittsburgh ni kijana wa mwaka wa pili mwenye mikono mirefu na anayependa kuunyaka mpira angani. Troy Bowles amekuja kutoka Georgia. Baba yake ni Todd Bowles, kocha mkuu wa Tampa Bay Buccaneers, kwa hiyo mazungumzo ya ulinzi ameyasikia mezani tangu utotoni. Hesabu hiyo: watu watano wanaoweza kuingia bila kocha kufumba macho. Ohio State sioni watano. Naona wawili wakubwa sana na mmoja wa kati.

Michigan nao wamepoteza ukuta. Mason Graham alichukuliwa wa 5 katika drafti nzima, Kenneth Grant wa 13. Majitu hayo mawili ndiyo yaliyokuwa yakiwafungulia Hausmann na Barham njia. Mechi ile ya 13 kwa 10 Graham alicheza, Grant alicheza, na kila aliyeona anajua walivyoibomoa katikati ya Ohio State. Mwaka huu Hausmann atalazimika kuvua walinda njia mwilini mwake mwenyewe, na kwa umbo lake hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote upande wa Michigan.

Wakuu wawili wa ulinzi

Makocha wakuu wa ulinzi wa pande zote mbili waliwahi kufundisha malainibeki NFL. Matt Patricia, aliyetua Ohio State mwaka huu baada ya Jim Knowles kwenda Penn State, aliwafundisha malainibeki wa New England Patriots kuanzia 2006 hadi 2010, kisha akawa mkuu wa ulinzi wao. Wink Martindale wa Michigan aliwafundisha malainibeki wa Baltimore Ravens kuanzia 2012 hadi 2017, naye akapanda kuwa mkuu wa ulinzi. Martindale ni mtu wa Dayton, Ohio, na alicheza ulainibeki katika chuo kidogo cha Defiance, mwendo wa saa moja kutoka nyumbani kwangu. Kwa hiyo anayewafundisha Michigan kuizima Ohio ni mtoto wa Ohio.

Tofauti yao iko katika tabia. Martindale anavamia. Anapenda kutuma watu watano, sita, kutoka pembe usizotarajia, na kwa mtindo huo malainibeki wake huwa na siku za kung'ara na siku za kuachwa nyuma, kwa sababu aliyevamia hayupo pale alipotoka. Patricia ni mhandisi kwa elimu yake ya kwanza, na ulinzi wake hubadilika kila wiki kufuatana na mpinzani. Wiki hii lainibeki ni mvamizi, wiki ijayo ni mkabaji. Hilo linadai kichwa kizuri na linahitaji muda. Kwa Styles, aliyecheza nyuma na mbele, naona faida tupu. Kwa Reese, Patricia ana kumbukumbu za kutosha za watu wa umbo lile alioishi nao New England, na sitashangaa akimtumia sehemu tatu tofauti katika mfululizo mmoja.

Ila Patricia hajafundisha chuoni kwa zaidi ya miaka 20, na vijana wa vyuo wana saa chache za mazoezi kwa wiki. Ningekuwa Columbus ningeomba aanze na vitu vichache.

Basi nani?

Kwa ukabaji wa wapokeaji, Ohio State, bila ubishi. Styles ni beki wa mwisho aliyejificha katika mwili wa lainibeki, na hakuna Michigan anayeweza kumfuata mpokeaji mrefu katikati ya uwanja kama yeye. Kwa kuzuia mkimbiaji, leo hii, Hausmann na Rolder wananipa usingizi mzuri zaidi, maana kazi hiyo ni ya kusoma kuliko ya misuli. Kumvamia kwotabeki kunategemea uamuzi wa Michigan kuhusu Barham. Kwa wingi wa watu wa akiba, Michigan wako mbele sana, na msimu wa mechi 12 au zaidi hula watu.

Ratiba nayo ina neno. Ohio State wanaanza Agosti 30 na Texas, timu iliyowekwa namba 1 kabla ya msimu, na kwotabeki wao Arch Manning ambaye ana miguu pia. Hakuna mechi ya kupasha mwili. Malainibeki wapya nyuma ya ukuta mpya, mbele ya kwotabeki anayeweza kukimbia: mtihani wa mwisho umeletwa siku ya kwanza. Michigan wanaanza na New Mexico, kisha Septemba 6 wanakwenda Oklahoma kumkabili John Mateer, kwotabeki anayekimbia kwa kupenda. Septemba 20 Hausmann anarudi Nebraska, kwenye uwanja alioanzia, na Novemba 22 Barham anarudi Maryland. Ratiba imewarudisha wote wawili nyumbani katika msimu mmoja.

Kwa hiyo, ukiniuliza kama binamu yangu anavyoniuliza, nakujibu kwa kukuuliza unataka nini. Ukitaka kujifunza, ukitaka mtu wa kumtazama kila Jumamosi ukaona kazi imefanywa kwa usahihi, na ukitaka pia jina la kulitaja kwa fahari mbele ya watoto wako, chagua Michigan na mkodolee macho Hausmann. Kuanzia Septemba hadi katikati ya Oktoba nadhani malainibeki wa Michigan watakuwa bora kuliko wa Ohio State, na sitatafuna maneno hayo baadaye.

Ukitaka kuona watu wakikua mbele ya macho yako, chagua Ohio State. Mimi ndio ninaowachagua, na sababu yangu ni Reese. Nimeangalia mchezo huu miaka mingi, na si mara nyingi naona kijana aliyekaa akiba akiwa na mikono ile, miguu ile na ile hamu ya kukutana na mtu mkubwa kuliko yeye. Styles ameshanionyesha kwamba anaweza kujifunza nafasi mpya ndani ya miezi minne. Nikiwaweka wawili hao pamoja, Laurinaitis akiwa nyuma yao na Downs akiwa anawalinda migongo, naona jozi ambayo kufika Novemba itakuwa bora kuliko jozi yoyote ya nchi hii. Wakipona wote wawili. Sharti hilo silifichi.

Kama uko Afrika Mashariki, panga usingizi wako mapema. Mechi ya Texas inaanza saa sita mchana kwa saa za hapa, yaani saa moja usiku Dar es Salaam na Nairobi, kwa hiyo hata watoto wanaweza kuiona. Michigan dhidi ya Oklahoma inaanza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumapili. Hiyo ni ya wenye moyo. Ya Nebraska ni saa nne na nusu usiku. Na Novemba 29, Ann Arbor, timu hizi zinapokutana, kwa desturi mpira huanza saa sita mchana, ambayo kwa majira yale ni saa mbili usiku kwenu. Kabla ya mpira kutolewa, mtafute mwenye nukta ya kijani kwenye helmeti kila upande, uone anamwelekeza nani aende wapi.

Binamu yangu ameshanijibu. Amesema atamshabikia Mganda, na mimi nibaki na warefu wangu. Nimemwambia tutazungumza usiku wa Novemba 29.